Ziwa Ndilo Lililovunja Sheria

Neno lililoniponza ni "bwawa". Shemeji yangu wa Tanga, aliyemwoa mdogo wangu na kumhamishia kule kwenye minazi na upepo wa chumvi, alinipigia simu mwanzoni mwa Mei 2024 kunijulisha kwamba likizo ya Juni wanakuja Mwanza, yeye, mkewe na watoto watatu. Tukajuliana hali, tukaulizana habari za wazee, na mazungumzo yalipokuwa yanaelekea ukingoni akadondosha, kwa sauti ya mtu asiye na kinyongo na kiumbe yeyote: "Eti shemeji, hilo bwawa lenu lina ufukwe wa kukaa mtu na wanawe?"

Najua mashemeji hutaniana. Lakini mimi ni mwalimu wa jiografia. Kwa miaka kumi na saba nimesimama mbele ya ubao nikiandika kwamba Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, kwamba ndilo kubwa kuliko yote Afrika, kwamba duniani kote, katika maziwa ya maji baridi, linazidiwa eneo na moja tu, Superior la huko Marekani na Kanada. Mtu hawezi kukiita kitu hicho bwawa halafu mimi nikanywa chai nikalala. Nikajibu papo hapo: "Njooni. Nitawatafutia nyumba ambayo mkifungua mlango, miguu inagusa maji."

Naomba msomaji aikumbuke sentensi hiyo. Hakuna aliyenilazimisha kuisema, na ilikuja kutimia neno kwa neno.

Mke wangu alikuwa na wazo lake. "Tuna vyumba viwili na sebule," alisema. "Watoto watalala kwenye magodoro sebuleni kama watoto wote wa nchi hii. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji afilisike." Nikamweleza kwamba suala hapa si malazi, ni heshima ya Kanda ya Ziwa. Akanitazama kama anavyonitazama kila ninapoanza habari za Kanda ya Ziwa, akarudi jikoni.

Kusema kweli, mwenyeji ndiye mtu asiyejua kabisa nyumba za kupangisha wageni katika mji wake. Nimezaliwa Mwanza, nimekulia Mwanza, na siku zote nimelala kwetu. Ziwa nalijua kwa jinsi linavyoonekana dirishani mwa daladala. Kwa hiyo nikafanya kama afanyavyo mtu wa kuja: nikatafuta dalali.

Tulianzia Capri Point, maana ukimtajia ufukwe mtu wa Mwanza aliyevaa tai, huko ndiko kidole chake kinakoelekea. Ni kuzuri, sibishi. Nyumba zimepenyezwa katikati ya majabali, pimbi wamejianika ukutani kama nguo, na ng'ambo kidogo unakiona Kisiwa cha Saanane, kilichoanza kama bustani ya wanyama 1964 na sasa ni hifadhi ya taifa. Ila bei ya usiku mmoja ilikuwa ya mtu mwenye boti, na maji yenyewe yalikuwa huko chini, ya kutazamwa. Mke wangu alikuja kuona akatoa hukumu akiwa bado getini: "Watoto wa Tanga wametoka baharini. Hawaji huku kuangalia maji kama picha ya kalenda."

Tukaenda Luchelele, kupita Malimbe chuoni, na huko ndiko nilikojifunza Kiswahili cha madalali. "Ufukweni kabisa" maana yake ni shamba la mahindi, kisha zizi la mbuzi, kisha ufukwe. "Ziwa unaliona" maana yake ukipanda juu ya tangi. Na kila nyumba unayopelekwa, hata kama ulichoonyeshwa ni kufuli la geti tu kwa sababu mwenye ufunguo amekwenda msibani Magu, unatoa elfu kumi ya kuonyeshwa. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nimelipia makufuli manne.

Ndipo dalali akanihurumia, au akanichoka, akanitumia picha tano kwenye simu.

Nyumba nyeupe, baraza pana, ngazi tatu. Mbele ya ngazi mchanga safi kama unga wa sembe, na juu ya mchanga miavuli minne ya makuti yenye viti chini yake. Mwembe mkubwa, kwenye tawi lake bembea, kwenye bembea mtoto anacheka. Nyuma ya yote hayo, ziwa, limetulia kama limeambiwa linapigwa picha. Ni upande wa Ilemela, ukipita Igombe kuelekea Kayenze. Elfu mia moja na ishirini kwa usiku.

Wanafunzi wangu hucheka kila nikifika kwa Speke. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza huyo alisimama juu ya kilima hapa hapa Mwanza, akaona mkono mmoja wa maji na visiwa vyake, na bila kulizunguka ziwa, bila hata kuuona mto unaotoka ndani yake, akakata shauri kwamba chanzo cha Nile ndicho hiki. Burton, mwenzake aliyekuwa amebaki Tabora akiuguza mwili, alimkatalia, na ugomvi wao haukwisha mpaka Speke anaingia kaburini. Huwa nawaambia vijana: msifanye kama Speke, pimeni kwanza. Basi Speke aliona kona moja akatangaza ziwa zima, na bahati yake alipatia. Mimi niliona picha tano.

Sikuwa mjinga moja kwa moja, lakini. Niliuliza maswali mawili. La kwanza: picha hizi ni za lini? "Za juzi tu, Mwalimu." Sasa "juzi" katika lugha yetu ni neno lenye huruma nyingi, linaweza kubeba siku mbili, linaweza kubeba awamu nzima ya serikali. Sikulibana. Swali la pili lilikuwa la kitaalamu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, nami sikutaka kumlaza shemeji kwenye nyumba itakayowekewa alama nyekundu ya X wakati tunakula. Dalali akajibu bila kupepesa: "Mwalimu, hiyo nyumba iko mita sitini na tatu. Alipima mtu wa ardhi kwa kamba yake mwenyewe."

Mita sitini na tatu zilinifurahisha kama raia na kuniudhi kama shemeji. Niliahidi miguu inagusa maji. Nikamweleza shida yangu. Akacheka kidogo, akasema: "Usijali. Ukifika utaona maji yako karibu zaidi kuliko kwenye picha."

Aliniambia ukweli, yule kijana. Tatizo langu na yeye siku zote limekuwa hilo: hakuna mahali nilipoweza kumkamata amesema uongo, ukiondoa lile "juzi".

Tukakubaliana nitangulize nusu ya bei ya usiku mbili, elfu mia moja na ishirini, kushikilia nyumba. "Nakutumia namba sasa hivi," akasema. "Na ya kutolea, Mwalimu, usisahau." Nikakata simu, nikakaa kwenye kiti cha ofisi ya walimu, kidole juu ya kioo, nikisubiri.

Dakika mbili, ujumbe ukaingia: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo."

Msomaji wa Tanzania ameshashika kichwa. Najua. Ujumbe huo tumeupata sote, umewafikia maaskofu na wauza mchicha, na katika ofisi yetu ya walimu umekuwa kichekesho cha saa nne kwenye chai: nani huyo, tulikuwa tunaulizana, mjinga wa wapi anayetuma hela kwa ujumbe usiojua hata jina lake? Jibu nimelipata na nalitoa bure. Ni mtu anayesubiri namba. Tapeli hahitaji kukujua. Nchi hii, saa yoyote uitakayo, kuna maelfu ya watu wameahidi kumtumia mtu hela na wanasubiri waambiwe ni wapi. Yeye anarusha wavu wake gizani kama mvuvi wa dagaa, na kila mara kuna samaki mmoja aliyekwisha kufungua mdomo.

Jina lilipotokea kabla ya kuthibitisha, lilikuwa la mwanamke. Nikajiambia ni mke wa dalali. Nikaongeza na ya kutolea.

"Umeiona?" nikamuuliza dalali baada ya robo saa.

"Niione wapi, Mwalimu? Namba yenyewe sijakutumia. Nilikuwa kwenye bodaboda."

Sitaeleza mazungumzo yangu na mke wangu jioni hiyo. Yalikuwa mafupi na upande wangu haukuzungumza. Nililipa nusu nyingine, safari hii nikiwa na dalali kwenye simu ya pili anaitaja namba tarakimu moja moja kama mwanafunzi wa darasa la pili, na nyumba ikawa yetu kwa usiku wa Ijumaa tarehe 7 na Jumamosi tarehe 8 Juni.

Tarehe hizo nilizichagua mwenyewe, kwa elimu yangu. Ulikuwa mwezi mwandamo, na usiku wa giza ndio wavuvi wa dagaa wanaotoka kwa wingi na taa zao. Nilitaka shemeji azione. Kwamba ziwa lina wakazi wengine wanaofuata kalenda hiyo hiyo, hilo nililijua pia, ila halikunijia kichwani.

Ijumaa mchana tukakodi Noah, tukajipanga watu tisa pamoja na sufuria, tukapita Kirumba, Pasiansi, uwanja wa ndege, Igombe. Shemeji alikaa mbele na koti lake la safari, macho nje. Kila ziwa lilipochungulia kati ya mawe aliguna kidogo. "Maji yapo," alikubali hatimaye, kama hakimu anayepokea kielelezo.

Tulifika saa kumi na nusu. Mzee mlinzi akafungua geti, akatusalimia "Mwadila", akatazama idadi yetu, akatazama nyumba, akatikisa kichwa. Nyumba ilikuwa nyeupe kweli. Baraza lilikuwepo. Ngazi zilikuwepo tatu, na ya tatu ilikuwa inalowana.

Baada ya ngazi lilianza Ziwa Victoria.

Mchanga haukuwepo. Miavuli minne ya makuti, miwili haikuonekana kabisa na miwili ilikuwa imetoa vichwa tu juu ya maji, kama kofia za waheshimiwa waliozama wakiwa wamekaa. Mwembe ulisimama majini hadi kiunoni, umekauka, na kwenye tawi lake kamba mbili za bembea zilining'inia zikipotelea kwenye magugu maji. Mdogo wangu aliweka kikapu chini polepole. Watoto walipiga kelele za furaha, maana watoto hawajawahi kulipa nusu ya kwanza. Binti yao mkubwa akaichukua simu yangu, akaikuza picha ya baraza mpaka ukutani, akasoma kalenda iliyotundikwa pale. "Mjomba," akasema, "ni ya 2018."

Shemeji hakusema neno. Alizitazama zile kofia mbili. Akatazama anga. Akatazama saa yake, na uso wake ukakunjuka, ukawa uso wa mtu aliye kwenye fani yake.

"Aa, shemeji, usijali," akanipiga bega. "Leo si mwezi mwandamo? Bamvua hili. Hata kwetu Tanga saa hizi, saa kumi hii, maji yamejaa mpaka ukutani. Kufika saa nne usiku yatakuwa yamepwa. Watoto watacheza mchangani kwa tochi."

Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Pale Raskazone, siku hiyo na saa hiyo, pangekuwa hivyo hivyo. Nikatafuta maneno.

"Shemeji, haya yalijaa 2020."

"Ehee. Na yanapwa lini?"

Hapo ndipo nilipolazimika kutoa, nikiwa nimesimama kwenye ngazi ya pili, somo ambalo wiki tatu kabla nilikuwa nimelitungia mtihani wa kidato cha tatu, swali la tano, alama kumi. Kwamba ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa kuonekana na macho. Kwamba maji yake mengi hayaletwi na mito, huanguka kama mvua juu ya ziwa lenyewe, na njia yake ya kutokea ni moja tu, Mto Nile kule Jinja, kwa hiyo mvua ikizidi ziwa hunenepa na halikondi haraka. Kwamba mvua kubwa za 1961, mwaka wa Uhuru, zililipandisha hadi kilele cha 1964, na lilichukua miongo kushuka. Kwamba mvua za mwishoni mwa 2019 zililipandisha zaidi ya mita moja kwa miezi michache, rekodi ya 1964 ikavukwa 2020, na masika haya tunayotoka nayo, baada ya El Niño, yameivunja hata hiyo ya 2020.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ulikuwa unajua yote haya," akasema.

"Nayafundisha."

"Na nyumba ukapanga."

Maji yalikuwa yamezidi unga, na wakati mwingine methali haina ufundi wowote, ni taarifa ya habari tu. Nikampigia dalali. Nilikuwa nimeandaa maneno makali yenye vifungu. Mita sitini na tatu ziko wapi? Sheria ya 2004 iko wapi? Akaniacha niishiwe pumzi.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "nyumba haijasogea hata hatua moja. Mita zake sitini na tatu ziko pale pale, chini ya hayo maji, kapime. Nyumba ilitii. Ziwa ndilo lililovunja sheria." Kisha, kwa sababu ni kijana mwenye kumbukumbu: "Na si ulitaka miguu iguse maji?"

Watoto walikuwa wameshavua viatu. Nikawawahi. Kila mwaka nasimamia ugawaji wa dawa za kichocho shuleni. Nawasimamisha watoto kwenye ule ubao wa kupimia urefu, urefu unaamua idadi ya vidonge, na nawajua konokono wanaoubeba ugonjwa huo wanapenda wapi: maji ya pembeni, yaliyotulia, yenye majani. Nikatazama mbele yangu. Maji ya pembeni, yaliyotulia, yenye majani. "Hakuna kuoga!" nikatangaza. Wakakaa safu kwenye ngazi ya kwanza, miguu juu, wakilitazama ziwa. Mke wangu akapita nyuma yangu na sinia la vikombe. "Picha ya kalenda," akanong'ona, akaendelea na safari yake.

Magharibi, shemeji akapanda juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Ilikuwa jioni ya kuutafuta mwezi wa Mfunguo Tatu. Ukionekana, Idi ya kuchinja ni Jumatatu ya tarehe 17, nao walipaswa kuwa wamerudi Tanga. Nikamfuata kumsindikiza. Anga lilikuwa jekundu, ziwa kama bati jipya. Hata mimi nilisahau ile hela kwa dakika tano.

"Shemeji," akasema ghafla, "kule kuna mashua inaungua."

Moshi mweusi ulikuwa umesimama juu ya maji, mrefu kama mnara wa simu, unainama na kuinuka. Kando yake wa pili. Ule wa tatu ulikuwa unatujia. Nikakumbuka ni wakazi gani hao wengine wanaofuata kalenda ya mwezi mwandamo. "Si moshi," nikasema, "funga mdomo," na sikuwahi kuongeza kwamba namaanisha hivyo hasa.

Ni vijidudu vya ziwani, havina meno wala ubaya, vinatoka majini kwa mamilioni, vinacheza harusi yao hewani na kufa. Pande nyingine za ziwa watu huvinasa kwa masufuria na kuvifanya mikate. Sisi tulivila bila kuvipika. Viliingia masikioni, kwenye chai, kwenye wali uliokuwa umefunikwa. Viliifunika taa ya barazani mpaka ikawa na manyoya. Shemeji alirudi ndani kope zimejaa, amepangusa uso kwa koti la safari, na habari ya mwezi tukaja kuipata kwa simu kutoka Tanga.

Tulizima taa zote, maana taa ndiyo mwaliko. Tukakaa gizani watu tisa, tukisikia vikigonga kioo kama mvua ya mchele. Na kwa kuwa tulikuwa gizani, tuliona.

"Ule mji ng'ambo ule," shemeji akauliza dirishani, "ni Ukerewe?"

Ng'ambo kulikuwa na taa, mstari mrefu wa taa, mamia, nyingine karibu hata ukaona maji yanang'aa chini yake, nyingine mbali zimechanganyika na nyota. Watoto walikuwa wameacha kugombana.

"Si mji," nikamwambia. "Ni wavuvi wa dagaa. Kila taa inaita dagaa waje juu. Zamani walikuwa na karabai, sasa wengi wana taa za sola. Alfajiri mji wote huo unarudi nyumbani."

Akakaa kimya muda mrefu. Nilitamani aseme neno "ziwa". Badala yake akasema, "Na bahari yetu ina taa, lakini si hivi," na kwa mtu wa Tanga hiyo ni sawa na kuvua kofia.

Mzee mlinzi alikuwa ametuambia tusitoke nje usiku kwa sababu "mwenyewe hupita kukagua". Saa nane usiku mwenyewe akapita. Tulisikia pumzi nzito chini ya dirisha, kisha hatua, kisha sauti ya kung'oa majani. Shemeji alikuwa ameshavaa kanzu na kushika tochi. Alitaka kumweleza mwenye nyumba, kistaarabu, habari za ufukwe. Nilimshika kiunoni. Kupitia pazia tukamwona akikatiza uwanjani, mpana kama Noah yetu, akitafuna nyasi bila haraka, kiboko mzima, kisha akashuka kwa ngazi upande wa miavuli kama mtu anayejua kiti chake kilipo.

Tulilala saa kumi alfajiri. Saa kumi na mbili tukaamshwa na vicheko.

Nikafungua mlango. Uwanja mzima, kuanzia ukuta wa geti hadi kwenye ngazi, ulikuwa umefunikwa na nyavu, na juu ya nyavu dagaa, fedha tupu, wanang'aa kwenye jua la kwanza. Akina mama kama kumi na wawili, khanga viunoni, walikuwa wanaendelea kumwaga ndoo. Chanja zilikuwa zimeegeshwa kwenye nguzo za baraza. Harufu sitaieleza, anayeijua anaijua, asiyeijua asubiri siku yake. Juu ya paa walisimama korongo watatu, wale wenye vipara, wakituangalia kama maafisa wa mapato.

"Samahani akina mama," nikasema kwa sauti ya ualimu, "hapa pamepangishwa."

"Shikamoo baba," akajibu mmoja, mkubwa wao. "Ndiyo, pamepangishwa. Ni sisi tumepanga."

Ikabainika hivi. Mwalo wao ulikuwa kwenye mchanga ule ule wa kwenye picha, upande wa pili wa mwembe. Ziwa lilipopanda wakakosa pa kuanika; sehemu kavu na tambarare iliyobaki ni uwanja wa nyumba hii. Mwenye nyumba akawakodisha kwa mwezi. Kisha, kwa kuwa uwanja ni wao lakini vyumba vimekaa bure, akampa dalali vyumba.

"Nyie mmelipia siku ngapi?" akaniuliza.

"Mbili."

"Sisi mpaka Desemba. Karibuni sana," akasema, akamwagiza binti atuletee mkeka.

Nilijiandaa kwa aibu ya mwisho, nikageuka kumtafuta shemeji. Hakuwa nyuma yangu. Alikuwa amepiga magoti katikati ya uwanja, mikono ya kanzu imekunjwa, anageuza dagaa kwa viganja na kuuliza maswali. Chumvi mnatia? Hamtii? Jua la siku moja linatosha? Wa kuchemsha na wa kukaanga mnauzaje? Kwao Tanga ni mtoto wa wavuvi, na kumbe mtu huyo aliyekaa kwetu siku nne kama mgeni wa heshima alikuwa anakufa kwa kukosa kazi. Mpaka saa tano watoto wake walikuwa wanafukuza korongo kwa malipo ya vikombe vya dagaa wabichi, mkewe anakaanga, mke wangu amekaa mkekani na akina mama akisimulia, nilisikia kwa masikio yangu mawili, habari ya ile hela. Walicheka mpaka mmoja akamwaga ndoo.

Usiku wa Jumamosi hatukuhitaji kuzima taa, maana hakuna aliyevijali tena vile vijidudu. Jumapili tukaondoka tukinuka sote, Noah pamoja nayo. Shemeji aliniachia laki moja nimnunulie gunia dagaa wakishakauka vizuri, nilipeleke kwenye basi la Tanga, na chenji nimrudishie.

Gunia nililituma wiki hiyo hiyo. Chenji, nakiri, ilikaa. Shule zilifunguliwa, ada, mambo.

Mwezi wa nane, niko ofisini na chai yangu, ujumbe ukaingia kutoka namba nisiyoijua: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo."

Walimu wenzangu ni mashahidi kwamba nilisimama. Nilimjibu kwa mapana. Nilimwita fisi, nikamwuliza kama wazazi wake wanajua anachokula, nikamshauri aende akavue kama wanaume wenzake. Kisha ujumbe wake nikaupeleka kwenye 15040, namba ya kuripoti matapeli, nikakaa, nikachovya andazi. Nilijisikia nimelipiza kisasi cha taifa zima.

Andazi halijafika mdomoni simu ikaita. Mdogo wangu. Salamu hakunipa.

"Kaka," akasema, "huyo fisi unayemwambia akavue ni mume wangu. Amebadilisha laini. Anaulizia chenji yake ya dagaa."

Nyuma yake nikasikia sauti ya shemeji, tulivu, isiyo na kinyongo na kiumbe yeyote:

"Mwambie aongeze na ya kutolea."